Hamtauona Mgongo Wangu

Mama alimenya yai la kuchemsha, akalinyunyizia chumvi, akanitazama kwa jicho lile la wodini. Treni ilikuwa imeshaanza kupunguza mwendo, na dirishani maghorofa ya mji mkuu yalikuwa yanatupita, marefu, yanameremeta kwa vioo.

"Tukumbushane," akasema. "Tumekubaliana nini?"

"Mama, si tulishakubaliana tangu nyumbani?"

"Nataka kusikia tena. Masikio yangu yamezeeka."

Masikio yake ni mazima kuliko yangu. Mama yangu ni mkunga, na anaweza kusikia mtoto anakohoa wodi ya mwisho huku yeye anaongea na simu. Lakini ndani ya treni sikuwa na pa kukimbilia, basi nikayarudia makubaliano kama mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Naingia kwenye jumba la mfalme kama mgeni mwingine yeyote. Najificha nyuma ya watu. Simwiti, simpungii mkono, simkonyezi. Wewe unamtazama akiwa kazini bila yeye kujua kwamba anatazamwa."

"Na nikiridhika?"

"Wazee wake wanakaribishwa nyumbani."

"Na nikimkamata na uongo?"

Nikageukia dirishani. Mama mdogo, aliyeketi ubavuni mwangu amevua viatu vyake vya kisigino na kuvipakata, akanigusa kwa kiwiko. "Malizia, mwanangu. Uliapa mwenyewe, mimi nikiwa shahidi."

"Ukimkamata na uongo, hata wa kitoto, namrudishia vitu vyake vyote, na habari zake hazitajwi tena nyumbani kwetu."

"Vizuri," akasema Mama, akaliuma yai lake kwa amani kabisa, kana kwamba hakuwa ameushika moyo wangu mkono wa pili.

Usinicheke wewe unayesoma. Nimeshavuka umri wa kuongozwa kama mtoto, nina duka langu na wateja wangu, lakini kuolewa na mtu ambaye mama yangu hataki kumpa hata kikombe cha chai, hilo singeliweza. Nilitaka vyote viwili. Nilimtaka yeye, na nilitaka Mama acheke siku ya harusi yangu.

Mimi ni fundi miwani. Napima macho, nasaga lenzi, nakaza fremu zilizolegea. Mwaka jana aliingia dukani kwangu kijana mrefu amefinya macho kama mtu anayetafuta sindano. Alikuwa amekuja mjini kwetu kumwona dada yake. Nikamketisha, nikamvisha fremu ya kupimia, nikaanza kubadilisha vioo. Hiki au hiki? Na sasa? Nilipofikia kioo sahihi aliacha kusoma herufi za ukutani, akanikazia macho mimi.

"Kumbe una kidoti hapo shavuni," akasema, akashtuka mwenyewe. Masikio yake yalibadilika rangi. "Samahani. Nimezoea watu wakiwa ukungu."

Aliniambia kazi yake ni kuongoza wageni katika jumba la kifalme la mji mkuu. Kundi likiwa kubwa, watu wa nyuma kwake walikuwa vivuli tu, anasikia maswali yanatoka hewani. Nikamtengenezea miwani ya kuona mpaka mtu wa mwisho. Tangu siku hiyo skrubu ya miwani ile ikawa inalegea kila mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi anapanda treni kuja kuikaza. Siku moja aliniwekea miwani mezani, akasema, "Siwezi tena. Skrubu hii naifungua mwenyewe, ndani ya treni, kwa kijisu." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikagundua kwamba nampenda, na kicheko kikaisha.

Kosa langu ni kumsimulia Mama habari ya skrubu nikidhani atacheka.

"Unaona?" akasema. "Mwongo tangu kwenye skrubu."

"Lakini alisema mwenyewe, Mama!"

"Alisema alipokwisha kukuzoea. Mwanamume anayelipwa kwa kuongea, mwanangu, maneno kwake ni bidhaa. Kasuku huyo."

Na Kasuku ndilo likawa jina lake nyumbani kwetu. Mama hakuwa na chuki za bure, nilijua. Mama mdogo aliwahi kuolewa na mtangazaji wa redio, mtu mwenye sauti nzito iliyopendwa na mji mzima, na asubuhi moja ikajulikana kwamba sauti ile ilikuwa na nyumba nyingine na watoto wengine. Mama ndiye aliyemuuguza mdogo wake mpaka akaanza kula tena. Halafu kuna korido ya wodi ya wazazi, ambako Mama amesimama maisha yake yote ya kazi akiwauliza wanaume maswali. Huyu ni mkeo? Ulikuwa wapi tangu jana? Kwa hiyo ana kipimo chake.

"Mwongo hutazama mlango kwanza," hupenda kusema, "ndipo anajibu."

*

Mji mkuu ulitupokea kwa kelele. Barabara zilikuwa pana, taa zikawa nyekundu halafu kijani, watu wote wanatembea kama wanafukuzwa. Mama mdogo alitaka kusimama kila dirisha la duka. Mama alishika mkoba wake kifuani kwa mikono miwili na hakusimama popote. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la bluu ambalo kijana wangu analipenda, ijapokuwa nilikuwa nakwenda kujificha. Mwenyewe nilijiona mjinga.

Jumba lilikuwa mwisho wa barabara iliyopandwa miti pande zote mbili. Nilikuwa nimeliona kwenye picha tu. Kuta zake nyeupe zilikuwa na madirisha marefu, na ngazi zake zilikuwa pana kiasi kwamba familia nzima ingeweza kupanda bega kwa bega. Mbele ya lango kundi la wageni lilikuwa linasubiri. Nikachagua mtu wa kujificha nyuma yake haraka haraka: bwana mmoja wa miraba minne, amevaa kofia pana kama sinia. Nyuma ya kofia ile mtu angeweza kuficha kabati.

Ndipo akatoka.

Alikuwa na shati jeupe, beji kifuani, na miwani yangu usoni. Nilikuwa sijamwona kwa mwezi mzima. Nilikuwa nimesahau kwamba ana tabia ya kusugua viganja kabla ya kuanza kuongea, kama mtu anayeota moto. Ningetoa chochote anigeukie mara moja tu, na wakati huohuo nikaomba asinigeukie.

"Ndiye huyo?" Mama akanong'ona bila kugeuza kichwa.

"Ndiye."

"Mwembamba."

"Mama!"

"Nimesema tu."

"Karibuni jumbani," akaanza, na sauti yake ikanipita mwili mzima. "Kabla hatujaingia nawaambia jambo moja msije mkadhani nina kichaa. Zamani, hapa, hakuna mtu aliyempa mfalme mgongo. Ukimaliza shida yako ulitoka kinyumenyume mpaka mlangoni. Siku hizi mfalme hayupo, ila desturi tumebaki nayo sisi waongoza wageni, nayo ni sheria ya kazi. Ninyi ndio wafalme wetu. Nitatembea kinyumenyume kuanzia hapa mpaka nitakapowasindikiza kwenye lango la kutokea. Hamtauona mgongo wangu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi.

"Maneno hayo," akasema Mama. "Nilikwambia. Asali tupu."

Nikang'ata mdomo. Lakini yeye akaanza kutembea kinyumenyume kweli, akapanda ngazi zile bila kutazama nyuma hata mara moja, anaongea, anajibu, anatania. Aliwahi kunieleza siri ya kazi hiyo. Nyumba nzima anaijua kwa visigino. Kuna kigae kimoja kilichobonyea kabla ya ngazi, kuna mahali ubao unalia, na kila chumba kina zulia lenye ukingo wa nyuzi nene. Kisigino kikigusa ukingo, anasimama. Macho yake ni ya wageni, miguu ndiyo inayoangalia njia.

Tukapita chumba cha kulia, meza ndefu kama reli, na jikoni kulikojaa masufuria ya shaba. Mama alikuwa anamtazama kama anavyomtazama mjamzito anayedai hana maumivu. Kwenye ngazi za ghorofani tukafika dirisha dogo lililotazama bustani. Mwanamke mmoja wa mbele akauliza kwa shauku, "Ni kweli mfalme alilijenga dirisha hili ili malkia amwone akirudi safarini?"

Nikafumba macho. Hadithi ile ilikuwa tamu, na mtu yeyote anayeongea kwa mshahara angeimeza na kuitema ikiwa imetiwa sukari zaidi.

"Wengi wanaipenda hadithi hiyo, hata mimi," akasema. "Natamani ingekuwa kweli. Tunachojua ni kwamba dirisha lilitobolewa baadaye, kwa sababu ngazi hizi zilikuwa na giza na watu wanaanguka."

Yule mwanamke akanywea. Mama akakohoa kidogo. Mama mdogo akanifinya mkono.

Chumba kilichofuata kilikuwa cha malkia: kitanda cha nguzo, pazia zito, na kando yake kiti kifupi cha ajabu, kilichopinda katikati. Hapo Mama akashindwa kujizuia. Kazi yake ni kazi yake, hata jumbani. Akajipenyeza mpaka mbele.

"Wewe, kijana. Hiki ndicho kiti cha kujifungulia?"

Akamtazama, miwani yangu ikimwelekea mama yangu mzazi, asijue anaongea na nani. Mimi nikajikunja zaidi nyuma ya kofia.

"Ndivyo tunavyokiita, mama. Kama kweli kilitumika, sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Mama unaonekana unajua mambo haya. Wewe unaonaje?"

Mama akakiinamia kile kiti, akakizunguka, akapima kwa jicho. "Hiki hakijawahi kuzalisha mtu. Mguu ungewekwa wapi? Hiki ni cha kuvalia viatu."

Kundi zima likacheka, na yeye akacheka kuliko wote. "Basi kuanzia leo nitawaambia wageni kwamba kuna mtu mwenye kujua kazi ametutilia shaka. Asante sana, mama."

Mama alirudi nyuma akiwa amekunja uso, lakini mimi namjua. Uso ule ni ule anaokunja akitaka kuficha kitu kingine.

"Huyu siyo kama yule wangu," Mama mdogo akamnong'oneza. "Yule wangu hakuwahi kusema 'sijui' hata akiulizwa njia ya kwenda mwezini."

"Nyamaza. Hatujamaliza."

*

Ukumbi wa kiti cha enzi ulikuwa chumba cha mwisho. Nilipoingia nilisahau hofu yangu kidogo. Dari lilikuwa juu sana, limechorwa nyota za dhahabu. Mwanga wa mchana uliingia kwa madirisha makubwa ukamwagika sakafuni. Mwisho wa ukumbi, juu ya jukwaa la kimo cha ngazi moja, kilikuwepo kiti chenyewe: mbao nyeusi, mahameli mekundu yaliyofifia, na mbele yake kamba imefungwa kwenye vijiti vya shaba.

"Wenye kofia, naomba mzivue," akasema. "Humu hata mawaziri walivua."

Yule bwana wa miraba minne akavua kofia yake.

Nilibaki peupe kama chungu juu ya meza. Nikainama, lakini nilikuwa nimechelewa, halafu mahali pa kuinamia hapakuwepo. Yeye alikuwa anarudi nyuma taratibu kuelekea jukwaani, mikono ameinua, sauti ameishusha kama anayesimulia siri.

"Mfalme wa mwisho aliinuka kwenye kiti hiki asubuhi moja, akatoka kwa mlango ule pale, hakurudi. Tangu siku hiyo, mabibi na mabwana, hakuna binadamu aliyekikalia..."

Akaniona.

Miwani ile niliisaga mwenyewe ili imfikie mtu wa mwisho, na mtu wa mwisho nilikuwa mimi. Uso wake ukafunguka wote. Sijui niuelezeje. Nimepima macho ya watu wengi na sijawahi kutazamwa vile, kama mtu aliyewashiwa taa ndani ya nyumba aliyodhani haina mtu. Mdomo wake ulibaki wazi katikati ya neno. Miguu yake ikaendelea kurudi nyuma.

Kisigino kikagusa ukingo wa zulia. Nilikiona. Hakikusimama.

Kufumba na kufumbua kamba ikamkata nyuma ya magoti, vijiti vya shaba vikaanguka kwa kishindo, yeye akapepesuka juu ya jukwaa, akapiga mikono hewani, akakaa. Akakaa kitako kabisa juu ya kiti cha enzi, mgongo umeegemea mahameli, mikono yote miwili juu ya vichwa vya simba wa kuchongwa, miwani imepinda puani.

King'ora kikaanza kulia.

Kisha kundi zima likaangua kicheko, wakidhani ni sehemu ya maonyesho, wengine wakapiga makofi, na yule mwanamke wa dirishani akapiga picha. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeona rangi yake ilivyopotea.

Mlango wa pembeni ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa msimamizi wa jumba, mwanamke wa rika la Mama, mavazi ya kijivu, funguo nyingi kiunoni. Alizima king'ora, akatazama kamba iliyolala chini, akamtazama yeye aliyekuwa ameshasimama kando ya kiti kama mshtakiwa. Vicheko vikakatika kimoja kimoja.

"Kiti kile," akasema polepole, "kinapanguswa kwa brashi laini na watu wawili. Mimi mwenyewe sijawahi kukigusa kwa mkono mtupu. Nani kakusukuma?"

Kijana wangu akainama, akakisimamisha kijiti kimoja cha shaba.

"Nakuuliza. Wewe ndiye mwongozaji wangu bora, umepita hapa mara ambazo hata huwezi kuzikumbuka. Hukuanguka mwenyewe. Nani kakusukuma?"

Alikuwa anampa njia. Kila mtu mle ndani aliliona hilo. Halafu yule bwana wa miraba minne, Mungu ambariki, akaikunja kofia yake kifuani na kusogea mbele.

"Nadhani ni mimi," akasema. "Nilikuwa nasogea nipige picha. Mwili wangu huu mnauona. Huenda nilimkumba."

Uongo mtupu! Bwana yule alikuwa mbele yangu muda wote, hakusogea hata unyayo. Lakini ulikuwa uongo wa huruma, umetolewa bure, na hakuna ambaye angeumia kwa sababu yake. Nikahisi vidole vya Mama vinanishika kifundo cha mkono, pale anapowashikia wagonjwa kuhesabu mapigo. Alikuwa hanitazami mimi. Alikuwa amemkazia macho yule kijana wangu kule jukwaani, na mimi nikajua anatazama nini. Nyuma ya msimamizi, mlango wa pembeni ulikuwa wazi.

Kubali, nikamwambia moyoni. Kubali kazi yako isiende. Halafu nikakumbuka kiapo changu na nikataka kulia. Akikubali, anabaki na kazi, nami nampoteza. Akikataa, anapoteza kazi aliyoipenda kuliko chochote kabla yangu. Wala hajui kama anapimwa.

Alinyoosha miwani yake. Hakutazama mlango. Alimtazama yule bwana.

"Asante sana, bwana. Moyo wako ni mzuri. Lakini hukunikumba." Akamgeukia msimamizi. "Hakuna aliyenisukuma. Ukingo wa zulia niliusikia kisiginoni, nikapita."

"Ukapita? Unajua adhabu ya mwongozaji anayegusa kiti kile?"

"Kuvuliwa beji."

"Nakuuliza tena basi, na ufikiri kabla ya kujibu. Kwa nini ulipita?"

Masikio yake yakabadilika rangi, yaleyale ya siku ya kwanza.

"Nilimwona mtu ninayempenda amesimama kule nyuma. Sikujua kama atakuja. Nikasahau kwamba nina miguu."

Wanawake wa mbele wakasema "Ooo!" kwa pamoja. Msimamizi hakutikisika.

"Yuko humu ndani? Ni nani?"

"Yumo. Ila yeye hana kosa lolote. Kosa ni langu, sitamtaja."

Nikataka kutoka. Nikavuta mkono wangu, lakini Mama hakuuachia. Aliubana zaidi, halafu akaanza kutembea, akanivuta pamoja naye katikati ya watu, mkoba wake kwapani, mpaka mbele kabisa, chini ya jukwaa.

"Ni huyu," akasema kwa sauti ile ambayo husikika wodi nzima. "Ni binti yangu. Mimi ndiye niliyemleta, na mimi ndiye niliyemwambia ajifiche. Kama kuna kosa la kumshtua mtu kazini, liandike kwangu."

Nilimtazama kijana wangu. Alinitazama mimi, akamtazama Mama, akatambua amekuwa akiongea na nani kule kwenye kiti cha viatu, na akashika kijiti cha shaba asianguke tena.

"Na wewe ni nani, mama?" msimamizi akauliza.

"Mkunga. Nimesimama koridoni miaka mingi nikiwauliza wanaume maswali, dada yangu. Nimesikia kila aina ya jibu. Huyu umempa mlango, huyu bwana akamfungulia mwingine, na hakutazama hata mmoja. Nilisafiri kuja kumkamata na uongo. Nimekaa hapa namvizia kama paka tangu langoni." Akausogeza mkoba kwapani. "Sikuupata. Sasa ukimfukuza mtu kwa kusema kweli mbele ya watu wote hawa, kesho wenzake watakwambia nini ukiwauliza?"

"Kweli!" akasema Mama mdogo kutoka nyuma, na alikuwa analia waziwazi, viatu mkononi.

Msimamizi alipanda jukwaani. Akakiinamia kiti, akapitisha macho juu ya mahameli, miguu ya mbao, vichwa vya simba. Alichukua muda wake.

"Kiti hakina kitu," akasema hatimaye. "Kimejengwa kumbeba mfalme, na nasikia yule wa mwisho alikuwa mnene." Watu wakathubutu kutabasamu. Akamgeukia mwongozaji wake. "Sheria siwezi kuipindisha yote. Ukumbi huu huingii tena mpaka nitakapokuruhusu mwenyewe. Utaongoza wageni bustanini na kwenye mazizi ya farasi, juani. Beji baki nayo." Akaanza kushuka, kisha akasimama. "Na hilo neno kwamba hakuna aliyekikalia, waambie wenzako walirekebishe. Humu ndani hatudanganyi wageni."

Kelele zilizofuata zilitikisa nyota za darini. Yule bwana alirusha kofia yake juu. Watu nisiowajua wakanikumbatia, wakampiga mabegani, na yeye hakusema lolote, yeye aliyekuwa analipwa kwa kusema. Alisimama tu mbele yangu, skrubu ya miwani imelegea kwa haki safari hii.

"Umevaa la bluu," akasema.

"Nilikuwa najificha."

"Na la bluu?"

"Usiniulize maswali."

Nikaitoa miwani usoni pake, nikaikaza kwa kucha, nikamrudishia.

*

Wageni wengine walitangulia kutoka. Sisi tulibaki wa mwisho, njia ya bustanini, tunaelekea lango la kutokea. Jua lilikuwa limepoa. Mama mdogo alikuwa amevaa viatu vyake tena na anatembea kama malkia mwenyewe. Na yeye, mbele yetu, alikuwa bado anatembea kinyumenyume kwenye changarawe, anatuonyesha mazizi atakakofanyia kazi, anatabasamu kama aliyepandishwa cheo.

"Wazee wako wanakula nini?" Mama akamuuliza ghafla.

Akajikwaa kidogo. "Chochote, mama. Ila baba hali pilipili."

"Waje. Nitapika bila pilipili."

Nilitaka kumrukia Mama nimbusu, lakini yeye hapendi mambo ya barabarani. Nikashika tu ukingo wa mkoba wake, kama nilivyokuwa nikifanya utotoni.

"Halafu wewe, Kasuku."

"Kasuku?" akaniangalia.

"Nitakueleza," nikamwambia.

"Utaendelea kutembea hivyo mpaka lini? Utavunja shingo kabla ya harusi. Geuka uangalie unakokwenda."

"Siwezi, mama. Bado tuko ndani ya jumba. Mgeni hapewi mgongo."

Mama akasimama. Akamtazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka miwani, mtazamo ule ambao nimeuona akiwatazama watoto dakika ile wanapolia kwa mara ya kwanza. Kisha akamkabidhi mkoba wake abebe, ule ambao hakuwa ameuachia tangu tushuke kwenye treni.

"Geuka, mwanangu," akasema. "Sisi siyo wageni."

Akageuka. Mgongoni, kwenye shati lake jeupe, vumbi jekundu la mahameli ya mfalme lilikuwa limechora alama toka bega mpaka bega. Mama akamsogelea, akalipangusa kwa kiganja chake, taratibu, mpaka likaisha, na sote tukatembea kuelekea langoni.